Maswali ya Wasomaji: F11 na F12 ni majirani wabaya

Barua nyingi za safari hii zinahusu vitufe vya mkato kwenye programu za kuandikia SQL, lugha ya kusoma na kubadili data kwenye hifadhidata: namna ya kuvibadili, na kwa nini wakati mwingine vinagoma. Majina ya menyu tumeyaacha jinsi yanavyosomeka kwenye skrini ili uyapate upesi.

Miaka mingi nimetumia PL/SQL Developer, ambako F8 ndiyo inayoendesha amri. Ofisi imehamia Oracle SQL Developer lakini vidole vyangu vimebaki kule. Nikibonyeza F8 inafunguka historia ya amri. Kibaya zaidi, juzi nilitaka kutengua mabadiliko kwa F12, kidole kikaangukia F11, na mabadiliko yakathibitishwa hapo hapo. Nifanyeje? (Msanidi wa hifadhidata, Dodoma)

Pole sana, ndugu msomaji. Usikilaumu kidole peke yake. SQL Developer inakuja na COMMIT (kuthibitisha mabadiliko) kwenye F11 na ROLLBACK (kuyatengua) kwenye F12. Amri mbili zinazopingana kama maji na moto zimewekwa ubavu kwa ubavu, na wala hakuna dirisha linalojitokeza kukuuliza kama una uhakika.

Fungua Tools, kisha Preferences, kisha Shortcut Keys. Kabla hujagusa chochote, bofya More Actions, chagua Export, na uhifadhi ile faili ya XML mahali utakapoikumbuka. Menyu hiyo hiyo ina Load Keyboard Scheme, na hiyo imewaliza wengi: inafuta mikato yote uliyojiwekea na kuleta seti nyingine nzima. Usiichague ukidhani inaongeza tu. Kwa upande mwingine, ukivuruga mambo na kutaka kurudi ulikoanzia, chagua hiyo hiyo, kisha Default.

Sasa kwenye kisanduku cha kutafutia andika Commit. Hakikisha Hide Unmapped Commands haina alama ya vema, la sivyo amri zisizo na kitufe hazitaonekana na utadhani hazipo. Iondoe F11 kwenye Commit, bofya ndani ya New Shortcut, kisha bonyeza vitufe vipya kwa pamoja. Chini yake kuna Conflicts, inayokuonyesha kama vitufe hivyo tayari vina mwenyewe. Ikiwa tupu, bofya Assign.

Kwa COMMIT tunapendekeza mchanganyiko unaodai mikono miwili, kwa mfano Ctrl+Shift+F11: mkono wa kushoto unashika viwili, wa kulia unafuata F11. Hapo huwezi kuthibitisha kwa bahati mbaya huku mkono mmoja umeshika kikombe. ROLLBACK iache F12. Ukiigusa kimakosa utapoteza kazi unayoweza kuiendesha upya, ilhali COMMIT ya kimakosa ni shughuli nyingine kabisa.

Kuhusu F8, kwanza itafute SQL History na uinyang'anye kitufe hicho, uipe kingine, ndipo uihamishie F8 kwenye Run Statement. Ukianza na Run Statement utakuta wadai wawili wa kitufe kimoja. Ctrl+Enter, ambayo ndiyo ya kawaida kwa Run Statement, iache pia. Si lazima amri moja iwe na kitufe kimoja.

Kubadili vitufe hakutakukinga na mambo mawili. La kwanza, kurasa zote za SQL ulizofungua kwa muunganisho mmoja zinashiriki kikao kimoja cha kazi kwenye seva. Ukifanya UPDATE (amri ya kubadili data) kwenye ukurasa wa kwanza kisha ukabonyeza COMMIT kwenye wa pili, umethibitisha vyote. Ukitaka ukurasa wenye kikao chake, tumia Ctrl+Shift+N. La pili, Oracle huthibitisha yenyewe kila inapokutana na CREATE, ALTER, DROP au TRUNCATE, yaani amri za kuunda, kubadili, kufuta au kumwaga majedwali. Ukiwa na UPDATE inayosubiri kisha ukaendesha ALTER TABLE, F12 haitakurudishia kitu.

Na ukishateleza, usikae kusikitika, muda unakwenda. Jaribu mara moja:

SELECT * FROM wateja AS OF TIMESTAMP (SYSTIMESTAMP - INTERVAL '10' MINUTE);

Amri hii inaonyesha jedwali lilivyokuwa dakika 10 zilizopita, ikiwa data ya kutengulia, yaani ile ya zamani ambayo Oracle huitunza kwa muda, bado haijafunikwa na mpya. Kigezo cha undo_retention kwa kawaida ni sekunde 900, yaani robo saa, na kwenye seva yenye shughuli nyingi hata muda huo hauna dhamana. Inyofoe ile data ya zamani uiweke kwenye jedwali la pembeni kwanza, maswali ya nani kafanya nini yatafuata baadaye.

Kwenye DBeaver nimeweka F5 iendeshe skripti nzima. Mara inafanya kazi, mara inaburudisha tu orodha ya majedwali, mara haifanyi lolote. Programu imeharibika? (Mwanafunzi wa chuo, Nairobi)

Haijaharibika. F5 ilikuwa na kazi tangu mwanzo kwenye DBeaver: Refresh. Wewe umeongeza kazi ya pili, na programu inaamua ipi ifuate kulingana na mahali ulipo kwenye skrini wakati unabonyeza.

DBeaver imejengwa juu ya Eclipse, jukwaa la kutengenezea programu, na Eclipse haitazami kitufe peke yake. Kila mkato una muktadha wake, ule unaoandikwa kwenye kisanduku cha When. Mkato wenye In Windows unafanya kazi popote kwenye dirisha. Wenye muktadha wa kihariri (sehemu ya kuandikia amri) unafanya kazi pale tu kishale kinapopepesa ndani ya kihariri. Vikigongana vya ngazi tofauti, ule wa ndani zaidi unashinda. Vikigongana viwili vya ngazi moja, huenda pasipatikane mshindi, na ndiyo maana wakati mwingine unabonyeza na kimya kinatawala.

Ingia Window, Preferences, User Interface, kisha Keys. Tafuta script, uipate ile amri ya kuendesha skripti ambayo tayari ina Alt+X. Usiiandike F5 juu ya Alt+X. Bofya Copy Command upate mstari wa pili wa amri hiyo hiyo, bofya ndani ya Binding, bonyeza F5. Halafu jambo ambalo wengi huliruka: kwenye When, weka muktadha ule ule ulioko kwenye mstari wa Alt+X. Ukiacha In Windows, utaingia vitani na Refresh. Angalia sehemu ya Conflicts, kisha Apply and Close. Kwenye safuwima ya User, herufi U inamaanisha mkato umewekwa na wewe, C inamaanisha kuna mgongano. Mstari wenye zote mbili ndio wa kushughulikia.

Ukishamaliza, F5 itaendesha skripti ukiwa kwenye kihariri na kuburudisha ukiwa kwenye orodha ya majedwali upande wa kushoto. Huo ni mpangilio mzuri, uache.

Kipo pia kisa cha kitufe kisichofika kabisa kwenye programu kwa sababu mfumo wa kompyuta umekidaka njiani. Kukigundua ni rahisi: bofya ndani ya Binding, kisha bonyeza vitufe. Visipoandikika pale, DBeaver haijavipata, na hata ukibadili When mara mia haitasaidia. Kwenye Mac yenye lugha zaidi ya moja za kibodi, Ctrl+Space hubadili lugha badala ya kuleta mapendekezo ya majina ya safuwima. Izime kwenye System Settings, Keyboard, Keyboard Shortcuts, Input Sources. Kwenye Linux yenye GNOME, Ctrl+Alt pamoja na mishale huhamisha eneo la kazi.

Maadamu tunazungumzia kuendesha amri: Ctrl+Enter kwenye DBeaver inaendesha amri iliyopo kwenye kishale, na mstari mtupu unaweza kuhesabiwa kuwa ndio mwisho wa amri. Ukiandika UPDATE, ukaacha mstari mtupu kwa ajili ya kupendezesha, kisha WHERE chini yake, unaweza kuendesha UPDATE isiyo na WHERE. Tazama Preferences, Editors, SQL Editor, SQL Processing, kipengele cha Blank line is statement delimiter. Kikiwa Always, jihadhari na mistari mitupu.

Kibodi yangu ni AZERTY ya Kifaransa. Kila mwongozo unasema Ctrl+/ inageuza mstari kuwa maelezo, lakini kwangu haikubali. Ctrl+\ nayo vivyo hivyo. (Msomaji, Bujumbura)

Mikato hiyo ilibuniwa na watu wa kibodi ya Kimarekani, ambako alama zote mbili zina vitufe vyake. Kwenye AZERTY ya Kifaransa, alama ya / inapatikana kwa Shift na kitufe cha nukta pacha (:). Kwa hiyo wewe unabonyeza Ctrl+Shift na nukta pacha, wakati programu inangoja Ctrl na / tu. Alama ya \ ni mbaya zaidi: inataka AltGr+8, na Windows huisoma AltGr kama Ctrl na Alt kwa pamoja. Ukiongeza Ctrl yako juu yake, programu inapokea kitu ambacho hakuna aliyekiandikisha.

Kama kibodi ina sehemu ya namba upande wa kulia, DBeaver inaitambua / ya pale kuwa kitufe tofauti. Ingia Keys, fanya Copy Command, bonyeza Ctrl na / ya sehemu ya namba. Kwenye kompyuta mpakato isiyo na sehemu hiyo, tumia kitufe cha F kilicho wazi, maana F1 hadi F12 hazibadiliki kutoka kibodi hadi kibodi. Kwa sababu hiyo hiyo ya AltGr, epuka kujiwekea mikato ya Ctrl+Alt na herufi au namba. Siku moja utataka kuandika alama ya @, ambayo kwako ni AltGr+0, na badala yake programu itaendesha amri.

Kila siku naandika SELECT TOP 100 * FROM mpaka nachoka. Nasikia kwenye SQL Server Management Studio inaweza kufungwa kwenye kitufe. (Mchambuzi wa data, Mombasa)

Inaweza, na ni ajabu jinsi watu wachache wanavyoitumia. Ingia Tools, Options, Environment, Keyboard, Query Shortcuts. Utakuta vitufe upande mmoja na amri upande wa pili. Vitatu vina kazi tayari: Alt+F1 inaita sp_help (maelezo ya jedwali), Ctrl+1 inaita sp_who (orodha ya vikao), Ctrl+2 inaita sp_lock (orodha ya kufuli). Vilivyobaki ni vyako: Ctrl+F1, Ctrl+3 hadi Ctrl+9, na Ctrl+0.

Kwenye Ctrl+3 andika SELECT TOP 100 * FROM kisha uache nafasi moja mwishoni. Usiisahau, kwa sababu maandishi utakayoyachagua kwenye kihariri yanabandikwa mara baada ya amri yako. Bofya OK, kisha fungua dirisha jipya la amri. Madirisha yaliyokuwa wazi yanaendelea na mipangilio ya zamani, na hapa ndipo watu wanapokata tamaa wakidhani imeshindikana.

Sasa chagua jina la jedwali, bonyeza Ctrl+3, mistari 100 inashuka. Lakini tazama kwa makini unavyochagua. Ukibofya mara mbili juu ya neno Wateja katika Mauzo.Wateja, inachaguliwa Wateja peke yake, bila Mauzo. Seva inalitafuta kwenye skima (fungu la majedwali) yako ya kawaida, hailioni, inakujibu Invalid object name. Buruta kipanya uchague jina lote. Jibu lile lile utalipata ukiwa umesahau kuchagua hifadhidata na dirisha liko kwenye master, hifadhidata ya mfumo wenyewe.

Alt+F1 ina tabia ya kinyume. Hapo ukichagua Mauzo.Wateja unapata Incorrect syntax near '.', kwa kuwa sp_help inapokea jina kama parameta, na nukta katikati haikubaliki mpaka jina lifungwe ndani ya alama za nukuu. Chagua 'Mauzo.Wateja' pamoja na nukuu zake.

Ctrl+4 tungeipa sp_who2. Safuwima yake ya BlkBy inakuonyesha kikao kipi kimemzuia nani, na hilo ndilo unalolitaka pale mfumo unapoganda na simu zinaanza kulia. Hakikisha tu hujachagua maandishi yoyote wakati unabonyeza. Ukiwa umechagua neno Wateja, sp_who2 italichukua kuwa jina la mtumiaji na kulalamika kwamba halimjui. Ctrl+5 inaweza kuwa sp_spaceused, inayotoa idadi ya mistari na nafasi ambayo jedwali linatumia.

Kitu kimoja tusichokubaliana nacho, na tumekiona kwenye mashine za watu: DELETE au TRUNCATE TABLE kwenye kitufe. Mikato hii haikuonyeshi amri kwanza. Inaendesha.

Tahadhari kama hiyo iko kwenye F5. Ukiwa umechagua maandishi, F5 inaendesha yale uliyoyachagua tu:

UPDATE Mishahara SET Kiasi = Kiasi * 1.1
WHERE IdaraID = 7;

Ukichagua mstari wa kwanza peke yake kwa kipanya kilichoteleza, umewaongezea mshahara wafanyakazi wote. SQL Server kwa kawaida huthibitisha kila amri papo hapo, hakuna F12 ya kukuokoa. Anza na BEGIN TRAN, inayofungua muamala, soma idadi ya mistari iliyoguswa, ndipo uamue COMMIT au ROLLBACK. Usiache muamala wazi ukaenda kula. Wenzako watakuona kwenye ile BlkBy.

F5 yangu inapunguza mwanga wa skrini. (Msomaji, Zanzibar)

Kompyuta yako imezipa F kazi za sauti na mwanga. Jaribu Fn+Esc, kwenye Lenovo na Dell nyingi hufunga au kufungua hali hiyo. Isipokubali, ingia BIOS (mipangilio inayofunguliwa kompyuta inapowaka) utafute Action Keys Mode au jina linalofanana nalo.

Nilikuwa natumia Azure Data Studio. Sasa nimehamia Visual Studio Code na kiendelezi (programu ya nyongeza) cha mssql, lakini F5 inataka kuanza utatuzi wa makosa ya programu (debugging) badala ya kuendesha SQL. (Msanidi, Arusha)

Microsoft ilitangaza kwamba mwisho wa Azure Data Studio ni tarehe 28 Februari 2026, na hicho ndicho kiendelezi wanachowaelekeza watu. Mkato wake wa kawaida wa kuendesha amri ni Ctrl+Shift+E. Kuirudisha F5, bonyeza Ctrl+K ikifuatiwa na Ctrl+S, bofya alama iliyoko juu kulia inayofungua faili ya JSON, uandike ndani ya mabano ya mraba:

{ "key": "f5", "command": "mssql.runQuery", "when": "editorTextFocus && editorLangId == 'sql'" }

Sehemu ya when ndiyo inayoilinda F5 ya utatuzi: nje ya faili za SQL itaendelea na kazi yake ya zamani. Kanuni zinasomwa kutoka chini kwenda juu, hivyo ukiwa na mbili za F5 zenye masharti yanayofanana, ya chini inashinda. Isipofanya kazi, tazama pembe ya chini kulia ya dirisha. Kama pameandikwa Plain Text badala ya SQL, hilo ndilo tatizo. Dirisha jipya ambalo hujalihifadhi mara nyingi huwa hivyo. Koma iliyokosekana kati ya kanuni mbili ni kosa la pili kwa wingi.

Nimepewa kompyuta mpya. Nahamishaje mikato bila kuanza upya? (Msomaji, Morogoro)

SQL Developer: Export na Import chini ya More Actions, kama tulivyoeleza juu. VS Code: nakili keybindings.json kutoka %APPDATA%\Code\User, au washa Settings Sync. Hiyo ya pili hutenganisha mikato ya Windows na ya Mac, jambo la busara kwa sababu ya Ctrl na Cmd. Management Studio: Tools, kisha Import and Export Settings, upate faili ya .vssettings.

DBeaver inahitaji uangalifu. Kwenye Windows, mikato iko ndani ya %APPDATA%\DBeaverData\workspace6, kwenye .metadata\.plugins\org.eclipse.core.runtime\.settings, faili ya org.eclipse.ui.workbench.prefs. Funga DBeaver kwenye mashine zote mbili kabla ya kunakili, maana inapofungwa huandika mipangilio yake na itafunika faili yako. Nakili faili hiyo tu. Watu hupenda kubeba folda nzima ya workspace6 na hata kumpa mwenzao kwenye flashi ili naye apate mikato mizuri. Ndani yake kuna data-sources.json na credentials-config.json, yaani anwani za seva zako zote pamoja na nywila ulizozihifadhi.